Sauti Kutoka Safu ya Pili

Hakuna aliyepigwa kofi pale ukumbini, wala marehemu hakutajwa hata kidogo. Wanaosema vinginevyo hawakuwepo, isipokuwa mama wa duka la dawa, na huyo muda mwingi macho yake yalikuwa kwenye simu. Ilivyokuwa ni hivi.

Binti wa mwisho wa marehemu huyo hupiga picha za eksirei hospitalini. Kutwa anawaambia watu wavute pumzi, wazuie, watoe. Tangu baba yake, aliyekuwa mwalimu mkuu, afariki, kila Jumamosi mchana aliaga kwamba anakwenda mazoezini. Hakudanganya. Mama yake alidhani ni mazoezi ya viungo, akamnunulia raba.

Kumbe yalikuwa mazoezi ya kuchekesha bila maandishi. Wawili wanapanda jukwaani bila kujua watasema nini. Mtazamaji anatoa neno moja, nao wanaanza. Mwalimu wao, waliyemwita Kocha, aliwafundisha kwamba lililosemwa limeshakuwa kweli, halikanushwi. Kisha wasikilize mpaka litokee jambo moja lisilo la kawaida. Hilo ndilo mchezo wenyewe: ukishalipata unalishikilia, unalirudia, na kila ukilirudia unalipandisha ngazi. Binti alikuwa halipati. Alikuja na vichekesho vyake kichwani, akavimwaga vyote kwa mkupuo, na mwenzake, fundi simu mmoja mrefu, akabaki amemkodolea macho.

"Dada," Kocha alimwambia, "wewe unatafuta cha kusema. Tafuta cha kusikia."

Siku ya onyesho mtazamaji alitoa neno: msiba. Binti akakaa kitini, yeye ndiye mjane. Fundi simu akaingia analia kwa kelele. Binti hakuwa na kichekesho hata kimoja. Akakisikiliza kile kilio, kikamkera, na mdomo ukajisemea wenyewe.

"Kaka, asante kwa kuja. Lakini umeanza kulia kabla ya kusalimia. Toka, uingie upya."

Ukumbi ukacheka, naye akajua amelipata. Mgeni akaingia tena, akalia taratibu. Mjane akamweleza kwamba chozi la jicho la kushoto limechelewa. Mara ya tatu akamhamisha kiti, kwa kuwa pale wanakaa wenye huzuni ya kuanzia shahada ya kwanza. Watu walivunjika mbavu. Katikati ya raha hiyo, binti akaganda. Sauti iliyomtoka aliijua. Ilikuwa ya mama yake, kituo kwa kituo, kama alivyoisikia siku mama alipokuwa akipanga wageni kwenye msiba wa baba. Na kuweka utaratibu msibani si kosa.

Akainua macho. Mama yake alikuwa safu ya pili, mkoba mapajani, kando ya mama wa duka la dawa, aliyemleta kwa kumwambia ni mkutano wa vijana.

Fundi simu, asiyejua lolote, akaona mwenzake amekwama, akaamua kumwokoa: akajibwaga sakafuni na kuomboleza kwa nguvu zote. Ndipo mama akasema, bila kuinuka, kwa sauti iliyofika hadi mlangoni:

"Kijana, umezidisha. Inuka, umpe mfiwa mkono kwanza."

Fundi simu alikuwa amefundishwa kwamba lililosemwa halikanushwi. Akainuka, akajipangusa vumbi, akainamisha kichwa kuelekea safu ya pili. "Samahani, Mama. Naanza upya." Akatoka, akaingia, akatoa mkono. Ukumbi ulilipuka, watu waligeuka kumtazama mama, wakidhani naye ni mwigizaji. Mama hakucheka. Hakuondoka pia.

Nyuma ya pazia binti alisimama akingoja kuambiwa kwamba asikanyage tena pale. Mama akaja.

"Nani alikupa ruhusa ya kutumia sauti yangu?"

"Sikuitafuta, Mama. Ilinitoka tu."

Mama akaupachika mkoba begani.

"Jumamosi ijayo ukikaa kile kiti, usikunje mgongo. Mjane wa mwalimu mkuu hakunji mgongo."

Binti akanyoosha mgongo, wakatoka pamoja. Waliyozungumza njiani ni yao wawili. Anayeyataka atayataka bure, sisemi zaidi.