Nyenje katika Kichwa cha Mama

Mama yangu aliniambia, kwa maneno yaliyo wazi kabisa, kwamba masikio yake yalikuwa yanakufa. Aliniambia zaidi ya mara moja, tukiwa tumeketi barazani kwetu hapa Kamina, naye ana akili zake timamu. Mimi nilikuwa mwaka wa pili wa saikolojia. Niliandika alichosema, nikakipigia mstari mwekundu, nikakiweka katika sura ya daftari langu iliyohusu huzuni ya wajane. Wakati huo masikio yale bado yangeweza kuokolewa.

Kosa lilianzia kwenye neno moja. Sitaki kulibebesha neno mzigo wangu, lakini lilinisaidia kukosea. Kwetu mtu husikia njaa, husikia baridi, husikia harufu ya samaki mkavu, husikia huzuni, na husikia pia kengele ya kanisa. Basi mama, ambaye Kiswahili alikijua baada ya Kiluba, aliposema, "Mwana wangu, minyi sisikie tena muzuri," mimi na kaye yangu mpya tukaelewa kwamba moyo wake umekufa ganzi. Kaye ni daftari tu, lakini ile yangu niliishika kama pasta anavyoshika Biblia.

Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Kisha mama akaanza kukohoa, kifua kikuu kikamrudia, na safari hii dawa ilikuwa na sindano kila asubuhi kwa miezi kadhaa. Siku ya kwanza muuguzi wa zahanati alitupa masharti: ale kwanza, afunike mdomo, asiruke hata siku moja, na masikio yakibadilika tumwambie mara moja. Niliitikia yote kwa kichwa, kama mtu anavyoitikia matangazo baada ya misa.

Muhula ule tulikuwa tunasoma historia ya saikolojia na shule zake. Mwalimu wetu aliisimulia kama ugomvi wa ndugu juu ya shamba la baba yao: kila shule ilizaliwa kwa kuikasirikia iliyotangulia. Wajerumani walimkalisha mtu chumbani na kumtaka aeleze kila anachokihisi ndani yake. Waamerika wakasema ndani hakuonekani, tupime tu anachokitenda. Daktari mmoja wa Vienna alisema mzizi uko chini zaidi, katika yale ambayo mtu hataki kuyajua. Wakaja wengine wakasema mwacheni aongee, msikilizeni bila kumhukumu, naye atapona. Nilizipenda zote. Nilikuwa na shule nne na mgonjwa mmoja.

Nilianza na Wajerumani. Nikamwambia mama afumbe macho, anieleze kilichomo ndani. Akafumba, akasema, "Mu kichwa muko nyenje. Inalia asubui mupaka magaribi." Hakuna daktari ambaye angeeleza vizuri zaidi ya hapo. Lakini mwalimu alikuwa ametuambia kwamba shule ile ilikufa zamani, kwa kuwa maneno ya mtu juu ya nafsi yake si ushahidi. Nikaandika kwamba mama anasema kwa mafumbo.

Kwa daktari wa Vienna nilikaa nyuma ya mama, asinione, kama inavyotakiwa.

"Mama, uliota nini?"

"Maharagi ingali kwa moto," akajibu.

Nikamuuliza juu ya baba. Akasema leo mvua haitanyesha. Kaye yangu inasema: anakwepa, upinzani mkali. Nikiusoma ukurasa ule leo, aibu inanichoma mwili mzima.

Shule ya kusikiliza ndiyo aliyoipenda. Niliketi mbele yake, magoti kwa magoti, nikamtazama usoni na kusema polepole, na siku hizo alijibu barabara, hata akacheka. Nikaamini ninamponya. Kumbe alikuwa anasoma midomo yangu.

Walionivimbisha kichwa ni Waamerika. Marehemu baba alikuwa mashinisti, aliendesha treni maisha yake yote ya kazi. Alipofika kwenye kona ya kuingia mjini alipiga honi, na mama akainuka kubandika maji ya bukari, ugali wetu. Alipokufa, mama hakuacha. Treni ikawa inapita inapotaka yenyewe, lakini kila ilipolia, mama alikuwa amekwisha simama na sufuria mkononi. Ndipo akakumbuka. Aliirudisha sufuria mahali pake, na mimi niliingia ndani ili nisimwone.

Basi katikati ya miezi ile ya sindano, treni ililia na mama akaendelea kuchambua sombe yake, majani ya muhogo. Siku nyingine ikalia tena, hakuinua hata uso. Nilifurahi sana. Tulikuwa tumesoma habari ya mbwa aliyezoezwa kudondosha mate kila kengele inapolia, na kwamba kengele ikilia mara nyingi bila nyama, mazoea yale huzimika. Nilisimama darasani nikasimulia habari ya mjane mmoja ambaye honi ya treni imemwachia moyo wake. Nilipewa alama kumi na saba kwa ishirini. Ijumaa yake muuguzi aliniuliza, kama alivyouliza kila juma, "Mama anasikia namna gani?"

"Morali inapanda," nikamjibu. "Minyi njo namufuata," yaani mimi ndiye ninayemfuatilia.

Akaweka alama yake kwenye kadi, na mama akapigwa sindano.

Baadaye kidogo tulitoka sokoni na samaki wa Kinkondja. Njia ile inakata reli. Treni ya mizigo ilikuwa inakuja, inapiga honi kwa nguvu, watu wamesimama huku na huku, na mama, mke wa mashinisti, akaingia kati ya reli na kikapu chake, bila haraka. Nilimvuta kwa kitenge chake, tukaanguka wote wawili, samaki wakamwagika kwenye kokoto. "Unanivuta juu ya nini?" akaniuliza kwa hasira. Kisha akaona mabehewa yanapita mbele ya miguu yetu.

Asubuhi iliyofuata muuguzi alisimama nyuma yake akapiga makofi. Mama hakugeuka. Sindano zilisimamishwa siku ileile, na kifua kilikuja kupona kwa dawa nyingine. Lakini muuguzi alinieleza kwa upole kwamba sikio lililouawa na dawa ile halifufuki, na hata kidogo kilichobaki huenda kisidumu. Hakikudumu. Tungemwambia siku masikio yalipoanza kubadilika, alisema, angekomesha sindano palepale.

Hakunigombeza, na ningependa angenigombeza. Aliinama akapaza sauti karibu na sikio la mama.

"Mama, sababu gani haukusema?"

Mama alimshangaa. Akajibu kwa sauti kubwa mno, kwa kuwa hakuwa anajisikia tena, na wagonjwa wote waliokuwa kwenye foleni wakageuka kututazama.

"Nilisemaka," akasema. "Huyu mwana wangu alikuwa anaandika yote. Nilizani anakuletea ile kaye."