Tangi Lenye Tabia ya Kibuyu

Mjukuu wangu wa kike ni fundi wa magari Musoma, kwenye gereji moja ya mtaa wa Mukendo. Nasema mapema ili anayetaka kuguna agune, tuendelee.

Pale gereji chaki anashika fundi mkuu. Kitu kipya anakichora yeye sakafuni, wengine wanakata bati na kuchomelea. Mjukuu wangu amekata bati kwa michoro ya mkuu wake mpaka akachoka. Ndipo likaletwa gari la mashindano. Injini yake haikai na oili tumboni, maana gari likikata kona kwa kasi oili yote inakimbilia upande mmoja, vyuma vinasagana vikavu. Kwa hiyo pampu inaifyonza na kuipeleka kwenye tangi la pembeni, halafu inarudishwa injini. Tangi hilo akaomba abuni yeye.

La kwanza likamwaibisha. Oili ilirudi imechanganyika na hewa, ikadondoka kutoka juu, tangi likajaa povu. Injini ikanyweshwa povu, mshale wa presha ukaanguka. Fundi mkuu akampa wiki moja. "Likishindwa tena nachora mimi, na chaki usiniombe."

Akaja kwangu Nyamuswa uso umemvimba. Nikampa ndoo ya maziwa, ng'ombe ndiyo kwanza ametoka kukamuliwa, nikamwambia ajaze kibuyu changu, kile alichonipa mama yangu nilipoondoka Butiama kuolewa. Akamwaga wima, povu likapanda mpaka shingoni.

"Wewe, unazima moto?" nikamwambia. "Laza kibuyu. Maziwa tunayateremshaga ukutani."

Akakilaza. Maziwa yakashuka kimya. Akabaki anachungulia ndani, ndoo mkononi, mpaka nikamuuliza kama kuna panya.

"Bibi, rudia ulivyosema."

"Nimeshasema. Mimi si redio."

Mimi niliishia darasa la tatu, kwa hiyo asije mtu akasema nilibuni tangi. Mimi niligomba tu. Kupima, kuchora, kukata alumini, kuchomelea, vyote vyake. Alilifanya refu na jembamba, mrija wa kurudisha oili akauingiza ubavuni juu, ukielekezwa ukutani. Oili inazunguka ukuta ikishuka, hewa inabaki juu, na injini inavuta kutoka chini kabisa.

Siku ya kujaribu nikapanda basi nikaenda. Fundi akanikaribisha vizuri, akaniambia, "Haya Bibi, tutilie oili wewe, itupe baraka." Nikatia mpaka mdomoni. Kwetu kumpa mgeni chombo nusu ni tusi.

Mjukuu wangu akachukua mpira wa kufyonzea oili, akaanza kuipunguza mbele ya watu.

"Unaniaibisha," nikamwambia.

"Hili si la mgeni, Bibi. Hewa ikitoka kwenye oili inataka pa kukaa. Ukiinyima, itatoka na oili yangu."

Fundi akainamisha kichwa kuficha kicheko. Mimi sikuficha. Mtoto anayemsahihisha bibi yake mbele ya bosi, tena kwa adabu, huyo anajua anachokifanya.

Injini ikawashwa. Fundi akaikanyaga mpaka mabati ya paa yakatetemeka, akaiachia, akaikanyaga tena. Mshale ulipanda ukakaa. Akafungua kifuniko, akamulika ndani kwa tochi muda mrefu. Oili ilikuwa inang'aa, imetulia, povu hakuna.

Akazima tochi. Akatoa chaki mfukoni, akaivunja, akampa mjukuu wangu kipande.

Nilivitazama vyote viwili. Alimpa kile kirefu.