Sahani ya Bati ya Mdogo Wangu

Majina ya watu wote waliopita nyumbani kwetu Chumbageni ninayo kichwani, hata la mkunga aliyempokea mdogo wangu. La mdogo wangu mwenyewe silitaji. Nimemkosea, na sitaki watu wamjue kwa kosa langu.

Alirudi kutoka Dar es Salaam baada ya kupigwa mionzi. Alikuwa na saratani ya titi. Mimi shule niliishia darasa la tatu. Neno mionzi nililisikia redioni tu, habari za mabomu na watu kubabuka ngozi. Nikaona basi amerudi nayo, imemjaa mwilini.

Sisi tunakula sinia moja, tangu mama yetu yu hai. Siku aliyorudi nikampakulia kwenye sahani ya bati, nikamtandikia mkeka wake mlangoni. Kanga zake nikazifua mbali na zetu, nikazifukiza udi, nikidhani moshi utaitoa. Wajukuu nikawakataza wasimkalie mapajani.

"Dada, mie nina ukoma?" akaniuliza, akicheka.

"Kula, usinipigie kelele." Sikumtazama.

Hakuuliza tena. Miezi mitatu akala hivyo mlangoni.

Mjukuu wangu wa kike, anayefundisha sayansi Muheza, akaja likizo. Hata shikamoo hajaimaliza, kaiona ile sahani.

"Bibi, mbona bibi mdogo anakula peke yake?"

Nikamnong'oneza kuwa ana mionzi mwilini.

"Alaa! Ukizima taa, mwanga unabaki ukutani?"

"Haubaki."

"Na mashine ile iliyompiga mionzi hospitali ndivyo. Ikizimwa, imekwisha. Iko dawa ya mionzi ya kumeza, anayeimeza huambiwa ajitenge siku chache. Bibi mdogo aliambiwa?"

"Hakuambiwa."

"Basi. Mbona mionzi tunayo kila siku, bibi. Katika kila kitu mna chembe ndogo mno, na baadhi hazitulii, zinavunjika zenyewe na kurusha mionzi. Mawe ya ukuta huu yanayo. Ndizi uliyokula asubuhi inayo. Hata mwili wako."

"Mimi?"

"Wewe. Kidogo tu, haidhuru. Bibi mdogo naye akukimbie?"

Nilikuwa na mwiko mkononi. Nikarudi nao jikoni.

Mchana nikapakua wali kwenye sinia, samaki changu wa Kigombe juu yake, nikamwita. Akaja na sahani yake.

"Nitilie humu, dada. Nimeshazoea."

Hakusema kwa hasira. Heri angenitukana.

Nikamtilia. Kisha nikawaachia wajukuu sinia, nikaenda kukaa naye kwenye mkeka wa mlangoni, nikatia mkono katika sahani yake. Nikamwambia, "Nisamehe, mdogo wangu." Aliutazama mkono wangu, halafu akanisogezea kichwa cha samaki; anajua nakipenda.

Neno la msamaha hajalitamka mpaka leo. Sahani hataki niitupe. Kila mchana huja nayo, nami nakwenda kuketi mlangoni.