Bustani Hii Haiuzwi

Kukhu, mama yake baba, alipoletwa kwetu kutoka Likuyani kwa sababu ya mguu, swali lake la kwanza lilikuwa, "Nyasi iko wapi?"

Tunakaa ghorofa ya tatu. Dirisha letu linatazama la jirani, karibu kiasi kwamba wao wakikaanga vitunguu, sisi ndio tunatoka machozi. Nikamwonyesha sukuma wiki ya mama, imepandwa kwenye gunia pale veranda. Kukhu aliitazama kama mtu aliyeuziwa jogoo mfu.

Basi kila nikitoka shule nilimshusha ngazi tukaenda bustani ya mjini. Ni kipande kidogo, kimebanwa na maduka pande zote, kina ua wa michongoma, ukuta upande mmoja, na viti vya saruji vilivyopasuka. Kukhu hakukalia kiti hata siku moja. Alivua viatu, akaketi kwenye nyasi karibu na ukuta, akanyoosha mguu. "Hapa hunyamazanga," alisema, akiupapasa kama mtoto mkorofi aliyelala.

Vijana wa kuosha magari walinichokoza: "Boss, leo mchumba umemnunulia soda?" Kukhu ndiye aliyejibu: "Yeye ni mchumba, nyinyi hata mama zenu wamewakataa!" Walinyamaza kuliko mguu.

Sasa kosa langu. Kwetu kila ploti ina maandishi: HAIUZWI. Nyumba haiuzwi, shamba haliuzwi, hata choo kimoja njiani kwetu kimeandikwa hakiuzwi, sijui nani alikitaka. Na kila mtu anajua maana yake: hapo kuna mtu ameshaanza kuuza. Bustani peke yake haikuwa na maandishi. Nikamwambia mwenzangu wa darasani kwamba inaonewa. Tulikuwa na kopo la rangi ya bluu iliyobaki tulipopaka madawati. Jumapili asubuhi, watu wakiwa kanisani, yeye akashika kopo, mimi nikaandika ukutani, herufi kubwa: BUSTANI HII HAIUZWI. Tulicheka mpaka tukakaa chini.

Jumatatu nilipomleta kukhu, tulikuta umati mbele ya ukuta.

"Kama haiuzwi, nani alikuwa anaiuza?" mwanamke wa mitumba aliuliza.

"Wakubwa. Wameshagawana," mwingine akajibu, kwa uhakika wa mtu aliyekuwepo.

"Basi na sisi tugawane kabla hawajaleta mabati!"

Nilidhani ni maneno tu. Jumanne kulikuwa na vigingi na kamba za katani. Jumatano michongoma ilikuwa imekatwa upande mmoja ili mikokoteni ipite. Pale pa kukhu palikuwa pamezungushiwa kamba, na ndani yake rundo la viatu vya mitumba.

"Mama, hapa ni pangu," mwenye viatu alimwambia. Hakuwa na ubaya. Alimpa hata kiti.

Kukhu alisimama na fimbo yake, hakukaa. Hapo nikapanda juu ya kiti kile na kupiga kelele: "Jamani, ni mimi nimeandika! Ilikuwa mchezo! Hakuna anayeuza chochote!"

Waliniangalia. Halafu wakacheka, kicheko kile ninachokitafutanga darasani kila siku.

"Huyu ametumwa na walionunua," mtu akasema. "Amelipwa ngapi?"

Nilitazama kama kukhu ameniamini. Alikuwa anavuta shati langu. "Shuka, utaanguka. Wacha uongo."

Nikaona dawa ni kufuta. Alhamisi alfajiri, kabla ya shule, nilisugua ukuta kwa mchanga na maji mpaka vidole vikachubuka. Jioni nilipopita, vibanda viwili vilikuwa vimeshasimama. Mwanamke wa mitumba alikuwa akionyesha ukuta mtupu: "Mmeona? Wamefuta. Sasa imeuzwa kweli!"

Vibanda sasa vimejaa mpaka kwenye viti vya saruji. Kukhu hashuki tena. Anakaa veranda kando ya lile gunia, amevaa viatu, na mguu unampigisha kelele mpaka jirani anafungua dirisha kuuliza kama kuna mgonjwa. Juzi nikaamua kumwambia tena, taratibu, bila kiti. Nilianza na ukuta.

Akanikatiza. "Yule aliyeandika pale," akasema, "peke yake ndiye alitutetea. Watu wengine waliona tu wakanyamaza."

"Kukhu, ile—"

"Na wakamfutia! Omwana wa watu." Akafumba macho, akaweka mkono juu ya goti. Akamwombea: afya, kazi, wazazi wake wamwone akikua.

Mimi, na huu mdomo wangu wote, nikasema amina.

Sasa amemweka kwenye sala ya kila jioni, baada ya mguu na kabla ya chakula. Akifika kwake hunisubiri niseme amina.