Mbegu Tuliyoila Msibani

Watu wa kwetu wanasema nilimvunjia heshima marehemu mume wangu, kwamba nilitoka msibani kwenda kugombania mtama. Wamesema kisimani, wamesema kanisani, na juzi mmoja kasema mbele yangu pale sokoni Kiomboi huku anachagua nyanya. Basi na mimi niseme. Nilisoma mpaka darasa la nne tu, lakini kalamu naijua kushika.

Mume wangu alifia hospitali mwezi wa nane, mavuno yakiwa yameshaingia ndani. Kwetu mwanamke akifiwa na mume anakalishwa chini, kwenye godoro, chumba cha ndani, na wanawake wazima wanamzunguka. Hatoki. Hashiki kitu. Maji analetewa, chakula analetewa, hata chooni anasindikizwa. Na hiyo mila sina ugomvi nayo, nimeshawakalisha wengine kwa mikono yangu. Ugomvi wangu ni kwamba ukishakalishwa chini, watu wanadhani na akili yako imekaa chini.

"Pumzika, mama." "Pumzika, bibi." "Wewe pumzika, tupo." Kila anayeingia ni hilo hilo. Nani aliwaambia nimechoka? Nilikuwa nimefiwa, sikuwa nimechoka.

Siku ya tatu wakaniletea ugali wa mtama na mlenda. Nikakata tonge, nikachovya, nikatia mdomoni. Nikaacha kutafuna. Ugali ule ulikuwa na moshi ndani yake. Si moshi wa sufuria iliyoungua, hapana. Ni moshi wa wiki nyingi, ule unaoingia mpaka kwenye kiini cha punje.

Mkulima atakuwa ameshanielewa. Kwa asiyelima nitasema: mbegu haikai ghalani pamoja na chakula. Masuke ya mbegu yanatundikwa jikoni, juu ya mafiga, yapigwe moshi mpaka yawe meusi tii, hapo mdudu hasogei; mtama wa ghalani, mpaka mvua ije, umeshatobolewa na hauoti. Mtama wetu ni ule mwekundu, mrefu, mchungu kidogo. Ndege akiuonja anakwenda kwa jirani. Mume wangu aliupokea kwa mama yake, na kila mwaka wa ndoa yetu aliingia shambani kabla ya mavuno akachagua masuke ya mwaka unaofuata. Mbegu ya dukani ipo, najua, nimeipanda. Inaiva haraka, na ndege wanaishukuru.

Nikasimama. Wifi yangu mkubwa akanidaka kanga.

"Wewe! Unakwenda wapi? Bado hatujakutoa."

"Niache, wifi. Mnanilisha mbegu."

Jikoni nikamkuta mkwe wangu, mke wa mwanangu wa kwanza, mtoto wa Singida mjini, anasonga ugali wa sufuria kubwa. Nikatazama juu. Kamba tupu.

"Masuke ya hapa juu yako wapi?"

"Yale meusi, mama?" Akaacha mwiko. "Si yalikuwa yameshaharibika? Unga uliisha jana, watu wakazidi, nikaona nisimsumbue mtu kufungua ghala. Nikayapura, nikaosha mtama maji matatu mpaka masizi yakatoka, nikaanika, nikapeleka mashine. Umetoka unga mzuri tu."

Maji matatu! Aliniambia kwa kujisifu, na mimi najua hakuwa na ubaya. Ila hakuuliza. Nyumba ina mwenyewe, mwenyewe yuko chumba cha pili, na hakuna aliyeinua mguu kuja kumuuliza.

Nilipiga kelele, sifichi. Nilisema, "Mume wangu mmemzika juzi, leo mnamla!" Wanaume waliokuwa wanaota moto nje wakageuza shingo. Mzee wa kanisa akaja mlangoni, akasema, "Mama, tulia, shetani asipate nafasi." Nikamwambia shetani amekula tangu asubuhi, ameshashiba.

Ndilo neno linalotembea mpaka leo. Nililisema na sijalifuta.

Msiba ulipokwisha kikakaa kikao cha ukoo. Nami nilikuwepo, ila niliongelewa kama kabati linalotafutiwa mahali pa kuwekwa. Mwanangu wa kwanza akasimama: mama atahamia mjini, tumemtengea chumba, shamba atalima baba mdogo. Baba mdogo, yaani shemeji yangu, anaitikia kwa kichwa kama mjusi kafiri. Nikasema siendi.

"Mama, umesema mwenyewe mbegu imeliwa," mwanangu akaniambia, na kwa upole kabisa. "Utapanda nini?"

Neno hilo nikalala nalo. Kama sina cha kupanda, mimi pale ni nani? Mgeni tu anayesubiri gari.

Asubuhi nikachukua ungo nikaenda nyuma ya jiko, pale mkwe alipopuria. Lilikuwepo lundo la makapi, kuku wamelijaa. Nikakaa chini, safari hii kwa hiari yangu, nikaanza kupepeta na kuokota punje moja moja. Jirani akapita, nikamsikia, "Masikini, msiba umempanda kichwani." Mwanangu akaja mbio.

"Mama, inuka. Watu wanatazama."

"Watazame. Wewe fukuza hao kuku."

Akasimama pale na viatu vyake vya mjini. Halafu akafukuza kuku.

Siku mbili nikapata mbegu ya bakuli moja la uji, halikujaa. Nikamwonyesha mwanangu.

"Shamba zima kwa bakuli hili, mama?"

"Sijasema zima."

Yeye na mkewe wakarudi mjini bila mimi. Mwezi wa kumi na mbili, mvua ya kwanza, shemeji akaleta ng'ombe na jembe la kukokotwa, anataka kuingia. Nikasimama mbele ya ng'ombe.

"Shemeji, mwanao ndiye aliyesema nilime."

"Mwanangu amezaliwa shamba hili lipo. Hana la kuliambia."

Akageuza ng'ombe, ananung'unika. Nikapanda ile mbegu nyuma ya nyumba, kipande kidogo cha kuonekana chote kwa jicho moja. Kwingine nikatia alizeti. Mtama ukatoka, wenye mapengo, lakini ukatoka. Mvua ilipokatika mwezi wa pili ukasubiri. Kufika mwezi wa sita mtama ulikuwa unanipita kichwa.

Ndipo nikaingia kuchagua mbegu, nikiwa na vipande vya kanga kuukuu vya kufungia alama. Nikasimama katikati ya mtama na sikujua pa kuanzia. Kuchagua ilikuwa kazi yake. Mimi nilipokea, nikaanika, nikatundika. Niliwahi kumuuliza, "Unaangalia nini hasa?" Akanijibu, "Naangalia tu." Miaka yote ile, naangalia tu! Nilimkasirikia pale shambani kuliko nilivyomkasirikia mkwe. Yule wa mjini hakujua. Huyu alijua, na akaondoka nalo.

Nikashika suke moja lililoinama, nene, nikaanza kulifunga. Shemeji alikuwa anapita njiani na mbuzi wake.

"Hilo usifunge, shemeji. Kaka hakuwa anachukua yaliyoinama."

"Kwa nini?"

Akafikiri. "Sijui. Hakuwa anachukua tu."

Nikalipima tena kwa kiganja. Lilikuwa zito, na kwa akili yangu suke huinamishwa na uzito. Inawezekana mume wangu aliona jambo ambalo mimi silioni. Angesema.

"Kaka yako amekufa," nikamwambia. "Sasa nachagua mimi."

Nikakaza fundo. Kisha nikatafuta la pili lililoinama, nalo nikalifunga, maana shemeji alikuwa bado amesimama ananitazama.