Sahani ya Maua kwenye Mstari wa Bajeti

Wajukuu wangu habari hii wanaijua nusu, na nusu wanayoijua ni ile ya kunicheka, kwa hiyo leo naiandika yote kwa mkono wangu mwenyewe (shule niliishia darasa la tatu, lakini herufi nazijua na zenyewe zinanijua), maana aibu ukiisimulia mwenyewe angalau unachagua pa kuanzia. Haya. Mimi ndiye yule mwanamke aliyekwenda kwenye mkutano wa bajeti ya serikali pale Nakaloke akiwa na sahani kichwani.

Vita vilikuwa vimeisha, wakubwa wapya wamekaa Mbale, sisi tumerudi sokoni na nyanya zetu, lakini wodi ya kuzalia pale zahanati ilikuwa haina paa. Askari waliokimbia walibeba mabati yote, hata misumari, sijui walikwenda kuezeka nini. Sauda, mke wa mwanangu Hamisi, alizaa mtoto wake wa kwanza humo, mvua inamnyeshea, mimi nimemshikia mkunga mwavuli, na yule mtoto alikaa siku tatu akaenda zake. Sasa Sauda alikuwa na mimba nyingine ya miezi saba, na kila wingu likitanda upande wa mlima alikuwa ananitazama tu.

Wiki hiyo akapita mtangazaji na baiskeli na kipaza sauti chake. Mtu mzuri, kijana wa Kigisu wa kule mlimani, lakini kwenye ulimi wake R na L ni mapacha, akiita mmoja anakuja yeyote.

"Jumamosi! Wote kwenye stoo ya pamba! Pesa ya serikali imefika! Kila mtu mzima atapiga kula! Kula ni haki yako! Usitume mtu akupigie kula! Kula moja tu kwa kila mtu!"

Sasa niambieni nyinyi. Mtu amekaa miaka yote hiyo akiona wakubwa wanakula pesa ya serikali, leo anasikia kwa kipaza sauti, mchana kweupe, kwamba na yeye zamu yake imefika, tena kula ni haki, tena sahani moja kila mtu ili wasipunjane. Atafikiri nini?

Jirani yangu Nambozo, muuza vitunguu, alijaribu. "Mama Hamisi, mimi naona kama anasema ile ya kuchagua."

"Nambozo," nikamwambia, "Kiswahili mimi nimezaliwa nacho Masese, kule Jinja, kwenye samaki, baba yangu akiniamsha swala ya alfajiri kwa Kiswahili. Wewe umekisikia kwa askari. Kula ni kula. Beba sahani."

Akaenda kuchukua sahani. Soko zima la wanawake likabeba sahani, kwa sababu mambo ya Kiswahili walikuwa wananiuliza mimi, na mimi nilikuwa napenda sana kuulizwa.

Jumamosi tukatoka. Tumefika katikati ya njia nikaitazama sahani yangu, nikaona ni kisahani, mtu wa peke yake atashiba, lakini Sauda je, na tumbo lile, na wamesema hakuna kutuma mtu? Nikawaambia wenzangu watangulie wanisubiri, nikarudi nyumbani kuchukua ile sahani kubwa ya maua, ya harusi yangu, unaweza kumwogeshea mtoto. Hapo ndipo nilipoharibu. Hotuba yote ya kufungua mkutano ilisemwa nikiwa natafuta sahani uvunguni.

Nafika stoo ya pamba, nakuta watu wamejipanga mistari miwili mirefu. Wa kushoto umeishia kwa karani, mwanamke mdogo wa miwani aliyetoka Mbale. Wa kulia umeishia kwa mkubwa wa gombolola, yaani tarafa yetu, tumbo mbele, na nyuma yake moto unawaka, masufuria matatu, pilau ya ng'ombe inanukia hadi barabarani (kumbe ni chakula cha wageni, na mkubwa aliyekiweka karibu na mstari wake hakuwa mjinga). Wenzangu wamesimama pembeni na sahani zao, walikuja kwa ajili ya chakula, hotuba wameiacha ipite juu ya vichwa.

"Mama Hamisi, tuingie wapi?"

Nikavuta pua. "Fuateni moshi."

Tukaingia kulia, wote, kama bata. Akapita askari na fimbo ndogo, anahesabu watu, afande mmoja mrefu wa kaskazini mwenye kovu shavuni, na mimi nikaona sawa, hata chakula lazima kihesabiwe. Akaenda, akarudi. Mkubwa wa gombolola akapiga makofi.

"Wananchi wamesema! Bajeti itajenga ofisi mpya, na ukuta, na geti! Paa la wodi litangoja mwaka mwingine."

"Paa gani?" nikamuuliza mzee wa mbele yangu.

"Kwani wewe ulikuwa wapi? Mstari huu ni ofisi, ule pale ni wodi. Si ndiyo tumepiga kura?"

Kura. Ya R. Nikaona mvua, nikaona mwavuli, nikamwona Sauda ananitazama, na nikajua kwamba lile paa nimeling'oa mimi, kwa pua yangu, na wanawake wa watu nyuma.

Nikapiga kelele. "Afande! Hesabu imeharibika!"

"Mama, mstari ni mstari," akasema mkubwa. "Umesimama kwa miguu yako."

"Miguu ilifuata pua!"

Yule afande akaja. Mimi maisha yangu mstari nilikuwa najua wa aina mbili tu: wa sukari, na ule wa kwenye kizuizi cha barabara, waume zetu wanatolewa mmoja mmoja, wa kwangu alitolewa na hakurudi. Mtu mwenye sare akinisogelea mimi natafuta pa kukimbilia. Akainama.

"Wewe mama, unasimama hapa kwa sababu ya ofisi?"

"Hapana, afande."

"Sababu ya nini?"

Ningeweza kudanganya. Lakini nikidanganya mstari unabaki pale pale. Nikaitoa sahani kichwani, nikaishika mbele ya watu wote, na maua yake.

"Pilau," nikasema. "Nilikuja kula. Na hawa nyuma yangu niliwaambia mimi."

Mungu wangu. Walicheka hadi mpishi akakaa chini na mwiko. Wengine wakagonga debe. "Mama Sahani! Mama Sahani!" Na mkubwa akafurahi zaidi: "Mnaona? Watu wa namna hii ndio waamue pesa ya serikali!"

Yule karani wa miwani akaja, hakucheka. "Mama, unauza nini?"

"Nyanya."

"Sokoni unakata tiketi ya ushuru?"

"Kila siku ya soko. Nisipokata wanazimwaga."

Akamgeukia mkubwa. "Bwana, pesa tunayogawa hapa ndiyo hiyo ya nyanya zake. Hakuna nyingine."

Miaka yote natoa ushuru kama mtu anayetupa jiwe ziwani, kumbe jiwe lina pa kufikia. Pesa ya serikali, jina lile la kutisha, ni nyanya zangu na vitunguu vya Nambozo! Afande akakuna kovu lake, akasema, "Kwetu mtu akipotea njia, anarudi. Anayetaka kurudi arudi. Mimi nahesabu tena."

Nikavuka uwanja ule peke yangu, uso chini kwa aibu, halafu nikasikia nyuma mlio wa sahani zinagongana: Nambozo, na soko zima. Afande akahesabu upya, polepole, fimbo ikanigusa bega kama mtu anayebisha hodi. Mtu mwenye sare amenihesabu mara mbili kwa siku moja, na hakuna aliyechukuliwa. Wodi ikashinda. Mimi nilikuwa nalia na nina njaa.

Mabati yalikuja, ila nusu tu (ile nusu nyingine ilipigwa kula, ya L). Sauda akazaa mvua inapiga, upande mmoja wa wodi ni ziwa, upande wetu pakavu, na mtoto wa kike akalia kwa sauti ya kupasua bati. Leo huyo msichana ndiye anayesoma bajeti pale Mbale, mbele ya watu, kwa miwani, na R yake inasikika hadi mwisho wa ukumbi, nimemfundisha mimi.

Mikutano hiyo siikosi, ila sahani ya maua haitoki tena nyumbani. Na nikisikia kipaza sauti sibishani na mtu juu ya Kiswahili: siku ya kura nakula kwangu kwanza, nashiba kabisa, ndipo naenda.