Marahaba ya Msituni

Juzi mjukuu wangu alinionyesha picha za matembezi yake kwenye msitu wenye mawingu, juu ya Kilosa, nikasikia tena harufu ya kuvu. Utotoni bibi alinipandisha huko, kwenye mahame tuliyoyaacha nikiwa mchanga, tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa. Ukungu niliudhania moshi wa jikoni, nikajua kuna watu.

Bibi alipiga magoti penye mawe. "Shikamoo baba. Shikamoo mama."

Kimya, matone tu. Sikujua kwamba yale ni makaburi. Nilidhani wenyeji hawana adabu. Nikamwonea huruma, nikajificha nyuma ya mti na kuitika mara moja tu, kwa sauti nzito: "Marahaba."

Bibi akalia kwa furaha. "Baba ameitika! Na mama naye ameitika!"

Sikuwahi kumwambia kwamba sauti ya baba ilikuwa yangu. Ya mama, hata leo sijui ilikuwa ya nani.